Luku inaisha mapema, mchawi ni kompyuta?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu kompyuta kuachwa zinawaka usiku kucha, sikutegemea kama ingegusa watu kiasi kile, meseji zimekuja nyingi mpaka nimeona safu nzima ya mwezi huu iwe hiyo hiyo. Wengi wenu siku hizi ofisi ni hapo hapo nyumbani, kuna wanaoandaa mahesabu ya watu, kuna wanaochapa na kuprinti, kuna wanaofundisha kwa Zoom, na kilio ni kimoja, umeme. Nimechagua maswali yanayobeba na ya wenzenu.

Ila kabla sijaanza kuna kitu nataka mkikamate maana nitakirudia mpaka mchoke. Usiulize tu kitu kina wati ngapi, uliza kinakaa kimewaka masaa mangapi. Pasi ina wati 1000 na kitu lakini unapiga nguo dakika kumi na tano umechomoa, kompyuta ina wati 80 tu lakini hamna mtu anayeizima. Hapo ndo hela zinapopotelea.

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi nafanyia kazi nyumbani Tabata, naandaa ritani za kodi na makaratasi ya tenda kwa wafanyabiashara wadogo wadogo. Nina dekstopu ya mtumba, monita, yupiesi (kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) na printa ya leza. Kijana aliyeniuzia kompyuta aliniambia nisiwe naizima zima, kwamba kuwasha ndo kunakula umeme mwingi na tena kunaiua, basi mwaka wa pili huu haizimwi labda umeme ukatike. Luku ya 20,000 wiki mbili imeisha na sina jiko la umeme wala AC, ni friji, taa na TV. Ni kweli nikizima napoteza zaidi? – *Mama Ritani, Tabata*

JIBU: Mama Ritani, hapana, sio kweli, na hilo neno limewagharimu watu wengi sana sio wewe peke yako. Kompyuta ikiwa ndo inawashwa inavuta kidogo zaidi kwa dakika moja mbili, tuseme wati 100 badala ya 60, afu inatulia. Yaani kuiwasha ni sawa na kuiacha imekaa bure dakika mbili tatu. Sasa wewe ukiiacha toka saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi hizo ni dakika 720. Umeona tofauti.

Tupige hesabu ya kwako. Dekstopu ya mtumba ile ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki, monita ya inchi 19 au 22, na yupiesi ambayo nayo inajilia chake hata usipofanya kazi, vyote pamoja tuseme wati 80. Mara masaa 24 ni uniti 1.9 kwa siku, kwa mwezi ni uniti 57 na ushee. Kama unanunua kwa ile bei ambayo uniti moja na kodi zake inakuja kama 350 hivi, hapo ni elfu ishirini kwa mwezi ya kompyuta tu. Luku yako ya 20,000 ni kama uniti 57, unazimaliza wiki mbili, ina maana karibu nusu ya kila luku unayonunua inakwenda kwenye hicho kimeza cha kazi. Ukifanya kazi masaa 8 kwa siku, siku 26, ukazima ukimaliza, inashuka mpaka uniti 17 hivi, chini ya elfu sita. Elfu kumi na nne inabaki kwako kila mwezi na hujapunguza hata dakika moja ya kazi. Na mwenzetu aliyeko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi aelewe kwamba kompyuta ya namna hii isiyozimwa inamalizia peke yake zaidi ya robo tatu ya fungu lake, afu anashangaa kwa nini amepitiliza.

Hilo la kuiua ni kinyume chake. Feni ya kompyuta inavuta hewa, na hewa ya Tabata unaijua ina nini ndani. Ikizunguka masaa 24 inakusanya vumbi mara tatu ya ile inayozunguka masaa 8, vumbi likijaa joto linapanda, joto likipanda feni inakimbia zaidi, unaisikia inavuma kama mashine ya kusaga. Fungua ubavu wa kompyuta (imezimwa na imechomolewa) uipanguse vumbi kwa brashi laini, kwa Dar mimi nasema kila miezi minne.

Lakini nadhani kuna sababu nyingine hukuitaja na nimeisikia kwa wengi, kwamba mtu hazimi kwa sababu kuwasha kunachukua dakika tano sita, mteja amesimama mlangoni wewe unaangalia kiduara kinazunguka. Kama ni hivyo dawa yake ni diski. Toa ile diski ya zamani ya kuzunguka weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ndogo ya GB 240 inatosha kazi zako, kompyuta itawaka ndani ya nusu dakika na hutakuwa na sababu ya kuiogopa swichi. Katika vitu vyote nilivyowahi kuwashauri watu wenye mashine za mtumba hiki ndo kinachobadilisha maisha kuliko vyote, nakisema kwa moyo wote.

Ukienda sokoni saa moja sio lazima uzime kabisa, iweke slipu, yaani ilale bila kuzimwa, inabaki na wati mbili tatu tu. Tatizo la slipu kwenye dekstopu ni kwamba umeme ukikatika kazi ambayo hukuseivu imekwenda, kwa hiyo kwetu huku bora haibaneti, ile inaandika kila kitu kwenye diski afu inazima kweli kweli, ukiwasha unakuta madirisha yako yote yalivyokuwa. Kwenye Windows mara nyingi wameificha, ingia Control Panel, Power Options, pale pa kuchagua vitufe vya kuzimia vifanye nini, utaiwashia hapo ianze kuonekana.

Na hiyo printa ya leza naomba uichomoe kwenye yupiesi leo hii. Ina rola la moto ndani linalochoma wino kwenye karatasi, na kila linapopashwa moto linavuta mamia ya wati kwa mkupuo, yupiesi ndogo haijatengenezwa kubeba hilo, utaiua betri. Ichomeke ukutani moja kwa moja, ikusanyie makaratasi uprinti yote kwa pamoja saa kumi, maana karatasi moja moja kila nusu saa unalipia kulipasha rola upya kila mara, ukimaliza zima swichi ya ukutani. Yupiesi nayo zima usiku, ila usiiache wiki na wiki bila umeme, betri zile za asidi zikikaa tupu zinakufa.

SWALI: Naweka skrini seva ya samaki wanaogelea nikitoka kwenye kompyuta ili kubana umeme, na pia nimeweka picha nyeusi kwenye skrini nzima. Nafanya sahihi? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Skrini seva haibani kitu ndugu yangu. Ilitengenezwa enzi za monita zile nene za kichogo, ili picha moja isikae mpaka ikachora alama kwenye kioo. Kwenye monita ya sasa taa ya nyuma inawaka vile vile, na wale samaki wanaipa kompyuta kazi ya kuwachora. Iseti skrini izime yenyewe baada ya dakika tano. Rangi nyeusi nayo inasaidia kwenye skrini za OLED kama za simu nyingi, kwenye monita ya kawaida taa ya nyuma haijui kama picha ni nyeusi au nyeupe. Kinachosaidia ni kushusha mwanga, zile monita zinakuja zimewekwa asilimia 100 za kuvutia dukani, shusha mpaka 50 au 60, macho yenyewe yatakushukuru.

SWALI: Kaka habari. Nimepanga chumba Nyegezi, Mwanza, nyumba ina wapangaji watano na mita ni moja. Nafanya kazi ya kutafsiri kwa laptopu toka asubuhi mpaka jioni. Wenzangu wamekaa kikao nikiwa sipo, wameamua mimi nichangie luku mara mbili yao kwa sababu "ana kompyuta inashinda inawaka". Humo ndani kuna mwenye friji, kuna mwenye raiskuka, na mmoja anachemsha maji ya kuoga kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo asubuhi na jioni. Nawajibuje bila ugomvi? – *Mpangaji, Mwanza*

JIBU: Hili swali limenigusa kwa sababu nimeona nyumba zikivunjika urafiki kwa mambo haya haya, na mara nyingi anayebebeshwa ni yule ambaye kifaa chake kinaonekana. Kompyuta inaonekana. Ina taa, ina skrini, mtu akipita dirishani anakukuta umekaa mbele yake masaa tisa mazima. Hita ya kwenye ndoo haionekani, inaingia robo saa imetoka.

Kwanza geuza chaja yako usome. Nyuma pameandikwa maandishi madogo sana, tafuta neno Output, nyingi utakuta 19.5V na 3.33A, zidisha, ni wati 65. Hapo ndo majirani wanaposhtuka wakiona 65, lakini hicho ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kutoa, pale betri ikiwa tupu na mashine inafanya kazi nzito. Betri ikishajaa na wewe unachapa tu maandishi, laptopu inakula wati 15 mpaka 30.

Sasa usiwaambie hivyo kwa mdomo, hawatakuamini, na mimi pia nisingeamini. Waonyeshe kwenye mita. Mita ya luku ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, utaona 1000 imp/kWh au 1600 au 3200. Kama ni 1000 basi kila mpepeso ni saa-wati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya uniti. Jumapili moja wote mkiwepo zimeni kila kitu nyumba nzima, friji ichomolewe, acheni laptopu yako tu, kaeni mbele ya mita na saa ya simu mhesabu mipepeso nusu saa. Kwa mita ya 1000, idadi zidisha mara mbili, hizo ndo wati.

Nilifanya hivi nyumbani kwa shemeji yangu Ubungo mwaka huu, tulikuwa watu wanne tumeketi kwenye ngazi na daftari. Laptopu pekee, kale kataa kakapepesa, tukasubiri, tukasubiri, mtoto akauliza kama mita imekufa, dakika mbili zimepita ndo kakapepesa tena. Hiyo ni wati 30. Halafu tukachomoa laptopu tukatumbukiza hita kwenye ndoo ya maji, pale hakukuwa na kusubiri, kila sekunde mbili na nusu kanapepesa, paf, paf, paf. Shemeji alisimama akaenda mwenyewe kuichomoa, hatukumwambia kitu.

Hesabu ya nyumba yenu kwa makadirio: laptopu wati 30 kwa masaa 9, siku 26, ni uniti 7 kwa mwezi, kama 2,500. Hita ya wati 1500, robo saa asubuhi na robo saa jioni, mwezi mzima ni uniti 22 na nusu, kama 7,900. Raiskuka ya wati 500 ikipika dakika 40 kila siku inakuja uniti 10. Friji ndogo tuseme uniti moja kwa siku, zikifika 30 usishangae. Unaona kwamba wewe ndo wa mwisho kwenye foleni.

Ila nakuomba usiende na daftari kama hakimu, ukimtaja wa hita mbele za watu utakuwa umepata haki na kupoteza jirani. Waambie tu "jamani tupime vyote tujue", kila mtu apime cha kwake, halafu mgawane kwa kilichoonekana. Na kama mwenye nyumba anaelewa, zile mita ndogo za ndani za kila chumba fundi umeme anazifunga, maneno yanaisha moja kwa moja.

SWALI: Niko Kisauni, Mombasa, nafanya kazi za kuandika za mtandaoni usiku kucha na tokeni zinaniumiza. Nataka kubadilisha mashine. Nichukue ile tawa kubwa (dekstopu ya kusimama) ya mitumba kutoka ng'ambo, ama laptopu? Tawa ni bei rahisi kabisa. – *Mwandishi wa usiku*

JIBU: Tawa ni rahisi kuinunua, kuilisha ndo shughuli. Kwa kazi ya kuandika, laptopu, au kama unapenda skrini kubwa tafuta zile dekstopu ndogo za kiganjani, OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP, ThinkCentre Tiny za Lenovo, zinakuja za mitumba nyingi tu. Ndani ni kama laptopu, zinatumia chaja ya nje kama ya laptopu, na ukiwa unaandika tu zinakaa kwenye wati 10 mpaka 20, tawa ya zamani ni 50 na kuendelea kabla hujahesabu monita. Kwa mtu anayekesha masaa 10 kila siku tofauti ya wati 40 ni uniti 12 kwa mwezi, zidisha na bei ya stima ya kwenu uone itarudisha gharama baada ya muda gani.

Laptopu ina faida moja zaidi, stima ikipotea hupigi kelele, betri inashika, hujanunua yupiesi wala huilishi yupiesi. Kuna watu wanachukua laptopu ya mitumba iliyovunjika kioo kwa bei ya kutupa wanaiunganisha na monita, ni wazo zuri tu kama kibodi na betri ni nzima.

Ukiamua tawa bado, mwambie muuzaji akufungulie ubavu. Ukiona kadi ya grafiki imejaa na feni zake na wewe si mtu wa gemu wala wa kuedit video, itoe, mashine nyingi skrini inachomekwa kwenye bodi yenyewe. Mimi niliuziwa moja yenye kadi kubwa, sikujua, ilikuwa inakula karibu wati 90 ikiwa imekaa haifanyi chochote, nilivyoitoa kadi ikashuka chini ya 60 na kazi zangu hazikujua kama kuna kitu kimetoka. Angalia pia pawa saplai kama ina alama ya 80 PLUS, maana yake inapogeuza umeme haipotezi zaidi ya asilimia 20 kwa joto.

Stika ya Energy Star usiitegemee peke yake. Ni alama ya Marekani, ilianza 1992 na kompyuta na monita ndo vilikuwa vitu vya kwanza kabisa kupewa, ni nzuri, lakini inahesabia kwamba mashine inajilaza yenyewe ukiiacha. Mafundi wa mitumba wakipiga Windows upya mara nyingi wanaacha imesetiwa isilale kamwe. Kwa hiyo siku ya kwanza ingia setingi za pawa uweke skrini dakika 5, kulala dakika 15. Ukiseti na bado hailali, fungua lile dirisha jeusi la komandi kama adimini uandike powercfg /requests, itakutajia programu gani inaizuia, mara nyingi utakuta ni brauza yenye video uliyoiacha wazi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Nikiacha chaja kwenye soketi bila laptopu inakula umeme? Na nikiacha laptopu kwenye chaja ikiwa imejaa je? – *Binti wa Dodoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Chaja tupu za siku hizi zinakula chini ya nusu wati, mwezi mzima haifiki hata nusu ya uniti, zima swichi ya ukutani kwa usalama na radi, lakini usikose usingizi. Laptopu ikijaa betri inaacha kuchaji yenyewe, umeme unaendesha mashine tu. Kinachoumia ni betri, lithiamu haipendi kukaa asilimia 100 na joto kwa pamoja, laptopu nyingi zina setingi ya kuishia 80, iwashe hiyo, na usiiweke kitandani juu ya shuka inaziba matundu ya hewa.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Mjini Unguja, chumba kimoja nimekigeuza ofisi, kompyuta na kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Nazima kompyuta kila nikisali, nazima monita, lakini bili ya umeme haishuki. Nakosea wapi? – *Wa Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Hukosei, unabana pasipo na kitu. Kiyoyozi cha 12,000 kisicho cha inveta, yaani kisichojipunguzia kasi chenyewe, kompresa yake ikifanya kazi inavuta wati 1000 au zaidi, ni kompyuta kumi na zaidi zimewashwa kwa pamoja. Kipandishe toka hizo 18 ambazo najua umeweka mpaka 26, washa na feni ya wati 50 ikupulizie wewe moja kwa moja, mwili utahisi ubaridi wa kutosha. Safisha chujio, ziba upenyo wa chini ya mlango.

Ila kompyuta ina sehemu yake hapo. Umeme wote inaokula unaishia kuwa joto humo chumbani, dekstopu ya wati 80 ni kama umemkaribisha mtu mwingine akae nawe siku nzima, na kiyoyozi kinalazimika kumpoza na yeye. Kwa hiyo wewe mwenye kiyoyozi ukihamia laptopu unapata nafuu mara mbili, na meza iondoe pale jua la alasiri linapopiga.

SWALI: Mimi ni mwalimu, wilaya ya Tunduru, kijiji chetu nguzo hazijafika. Nina sola paneli ya wati 100, betri ya asidi ya N100 na inveta ya wati 300. Natunga mitihani nyumbani usiku. Shule ilipata msaada wa dekstopu wakaniachia moja, lakini masaa mawili tu inveta inapiga alamu. Niongeze betri? – *Mwalimu, Tunduru*

JIBU: Mwalimu, usinunue betri. Tatizo lako liko kwenye kinachoingia, na betri ya pili haitaongeza jua. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri, ukitoa upotevu wa joto, waya na betri yenyewe, inakuachia kama saa-wati 350. Taa na simu za nyumbani zinachukua tuseme 100. Zinabaki 250. Dekstopu na monita ni wati 80, inveta inapogeuza inapoteza nyingine, inakuja 95, gawanya, ni masaa mawili na nusu. Alamu yako iko sahihi kabisa, usiipuuze, maana betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku haitamaliza mwaka.

Tafuta laptopu, hata ya zamani, na ununue ile chaja ya kwenye gari inayochomeka kwenye volti 12 moja kwa moja, hakikisha volti zake zinalingana na za laptopu yako. Hapo unaruka inveta kabisa. Unakula wati 25 au 30, zile 250 zinakupa masaa manane na zaidi. Ukiweza kazi ya kuchapa ifanye mchana saa sita mpaka saa tisa paneli ikiwa inamimina, umeme hauingii hata kwenye betri, usiku ubaki na kusahihisha kwa taa. Printa isiwe ya leza, inveta yako itazima papo hapo, chukua ya wino wa maji, zile za matenki, ikiprinti inatumia wati 10 mpaka 20.

Na kuna kitu hukukiandika lakini nina hakika kipo, inveta inalala imewashwa. Yenyewe tu bila kuchomekwa kitu inakula wati 5 mpaka 10. Chukua 8, mara masaa 12 ya usiku, karibu saa-wati 100, hizo ni sawa na taa na simu zako zote za siku. Leo ukifunga daftari zima inveta kwanza, kesho saa moja asubuhi kabla jua halijapanda angalia volti za betri kwenye kontrola (kile kiboksi kati ya paneli na betri) uziandike, fanya hivyo siku saba. Ukiona zinaamka 12.4 na kuendelea mfumo wako uko salama. Zikiwa chini ya 12.2 kila asubuhi basi niandikie tena, hapo ndo tutaongea habari ya paneli ya pili.